Kula mboga ni jambo moja, kumeza kidonge chake ni jingine

Mwaka 1994 watafiti wa Ufini na wenzao wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio ambalo natamani kila anayeuziwa unga au vidonge vya "kuzuia saratani" alifahamu kabla hajatoa pesa yake. Walikuwa wamewachukua wanaume 29,133, wote wavuta sigara wa umri wa miaka 50 hadi 69, wakawagawa kwa bahati nasibu. Wapo waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku, ile rangi inayoipa karoti sura yake. Wapo waliopewa vitamini E, wapo waliopewa vyote viwili, na wapo waliomeza kidonge kisicho na kitu ndani. Wakafuatiliwa kwa miaka 5 hadi 8.

Matumaini yalikuwa makubwa, na yalikuwa na msingi. Tafiti nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa zimeona jambo lile lile: watu wanaokula kwa wingi mboga za kijani na matunda ya rangi ya njano, na ambao damu yao ina beta-karotini nyingi, hupata saratani ya mapafu mara chache kuliko wengine. Mwaka 1981 Richard Peto, Richard Doll na wenzao wawili waliandika katika jarida la Nature wakiuliza kama beta-karotini ya kwenye chakula inaweza kupunguza saratani kwa kiasi cha maana. Waliuliza kwa tahadhari, na walitaka swali lijibiwe kwa majaribio. Maabara nazo zilikuwa na maelezo yanayoridhisha: beta-karotini hutuliza molekuli kali zinazoharibu vinasaba, mwili huigeuza kuwa vitamini A, na haikuwa na sumu inayojulikana. Nani angekataa?

Matokeo yalipohesabiwa, kwa waliomeza beta-karotini kulikuwa na wagonjwa wapya 474 wa saratani ya mapafu. Kwa wasioimeza walikuwa 402. Ni ongezeko la asilimia 18, na vifo kwa jumla vilipanda kwa asilimia 8.

Wapo waliodhani ni bahati mbaya ya hesabu. Lakini Marekani nako lilikuwa linaendelea jaribio la watu 18,314, wavuta sigara, walioacha sigara na wafanyakazi waliowahi kuvuta vumbi la asbesto. Hao walipewa miligramu 30 za beta-karotini pamoja na vitamini A. Januari 1996 jaribio hilo lilisimamishwa miezi 21 kabla ya wakati wake, maana waliokuwa wanameza vidonge walikuwa na saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 28, na vifo zaidi kwa asilimia 17. Jaribio la tatu, la madaktari wanaume 22,071 ambao wengi wao hawakuwa wavuta sigara, lilikwenda miaka 12 bila kuonyesha faida wala madhara.

Kuna kipande kimoja cha habari hii ambacho husimuliwa mara chache, nacho ndicho kinachonishika kuliko vyote. Wanaume wale wale wa Ufini waliulizwa walikuwa wanakula nini kabla jaribio halijaanza, na damu yao ikapimwa. Miongoni mwa wale ambao hawakupewa beta-karotini, waliokuwa wanaipata kwa wingi kwenye chakula walipata saratani ya mapafu mara chache zaidi. Yaani ndani ya jaribio moja, nchi moja, kwa wavuta sigara wale wale, jina moja la kemikali lilikuwa upande wa kheri lilipokuwa kwenye sahani, na upande wa shari lilipokuwa kwenye kidonge.

Inawezekanaje? Sehemu ya jibu ni kiasi. Miligramu 20 zinasikika kama karoti chache tu, lakini karoti mbichi hutoa beta-karotini yake kwa shida, imefungiwa ndani ya kuta za seli. Kidonge hakina kizuizi hicho. Damu ya wale wanaume ilipanda hadi zaidi ya mara 10 ya kiwango chake cha mwanzo, kiwango ambacho mlo wa kawaida haukifikii. Wanyama wa jamii ya kicheche walipopewa dozi kubwa za beta-karotini huku wakivutishwa moshi wa sigara, ilionekana kwamba moshi huivunja beta-karotini ndani ya mapafu vipande vipande, na vipande hivyo huvuruga kazi ya vitamini A ya kuzizuia seli kuzaliana ovyo. Sehemu ya pili ya jibu ni rahisi zaidi: anayekula mboga nyingi mara nyingi pia anavuta kidogo, anakunywa pombe kidogo, anatembea zaidi, ana kipato cha kumfikisha hospitali mapema. Beta-karotini kwenye damu ilikuwa alama ya maisha fulani. Alama ukiihamishia kwenye chupa, maisha yale hayahami nayo.

Nisieleweke vibaya. Siandiki haya kuwakatisha watu tamaa ya mboga. Naandika kwa sababu nazipenda, na kwa sababu kemia iliyomo ndani yake ni ya ajabu kiasi kwamba inastahili kuelezwa bila kutiwa chumvi.

Mmea haukimbii. Mdudu akija, ukungu ukija, mnyama akija, silaha yake ni kemikali. Sehemu kubwa ya vitu tunavyovisifu kwenye mboga, ukali wa kitunguu saumu, uchungu wa majani, ule muwasho wa haradali, ni sumu zilizokusudiwa viumbe wadogo kuliko sisi. Tazama kitunguu saumu kikiwa kizima: hakinuki sana. Ndani ya punje yake kuna kitu kiitwacho aliini, na katika chumba kingine cha seli hiyo hiyo kuna kimeng'enya kinachoisubiri. Ukiiponda punje, kuta zinapasuka, viwili hivyo vinakutana, na kwa muda mfupi aliini inageuka alisini, ile harufu inayobaki vidoleni hadi jioni. Ukikitupa kitunguu kizima kwenye mafuta ya moto, kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi. Ndiyo maana wanaojali kemia hii huponda kwanza, wakasubiri kama dakika 10, ndipo wapike. Brokoli, kabichi na jamaa zake hufanya vivyo hivyo: zikikatwa au kutafunwa ndipo kemikali kali iitwayo salforafani inapozaliwa, na zikichemshwa mno kimeng'enya chake huharibika.

Salforafani iliwekwa hadharani mwaka 1992 na kundi la Paul Talalay katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, na ndiyo inayoeleza vizuri kuliko zote jinsi mmea unavyoweza kutusaidia. Mwili hauipokei kama chakula. Unaiona ni mgeni asiyeaminika, na ndani ya seli protini moja iitwayo Nrf2 huamka na kuwasha jeni za vimeng'enya vya kusafisha sumu. Vimeng'enya vikishaamka haviishii kuisafisha salforafani peke yake. Huzoa na takataka nyingine zilizo karibu. Ni kama mlinzi aliyeshtuliwa na paka: sasa yuko macho, na mwizi wa kweli akija atakutana naye. Kama maelezo haya ni sahihi, basi faida inatokana na jibu la mwili wetu kwa sumu ndogo, na ndiyo sababu kuongeza dozi hakuna maana ya kuongeza faida.

Jambo hili limepimwa kwa watu. Huko Qidong, China, watu 291 walikunywa kwa wiki 12 kinywaji, wengine kikiwa na miche michanga ya brokoli na wengine bila. Mkojo wa waliokunywa miche ulibeba mabaki ya benzini, sumu ya hewa chafu, zaidi kwa asilimia 61, yaani mwili ulikuwa unaitoa nje kwa wingi zaidi. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2014 na mimi nayaheshimu sana. Lakini angalia kilichopimwa: ni benzini kwenye mkojo. Hakuna aliyehesabu saratani, na wiki 12 haziwezi kuhesabu saratani.

Qidong hiyo hiyo ina somo kubwa zaidi ambalo halina chupa wala jina la kuvutia. Saratani ya ini ilikuwa inaua watu wengi pale, na moja ya sababu ilikuwa mahindi yaliyoota ukungu wenye sumukuvu aina ya aflatoksini. Kuanzia miaka ya 1980 watu walipoacha kutegemea mahindi wakahamia kwenye mchele, aflatoksini kwenye damu yao ilishuka sana. Vifo vya saratani ya ini kwa walio chini ya miaka 35 vilipungua kwa zaidi ya nusu kutoka kizazi cha miaka ya 1960 hadi cha miaka ya 1980, ingawa wote hao walizaliwa kabla ya chanjo ya homa ya ini B kuanza kutolewa kwa watoto wote wachanga. Kuondoa kitu kibaya kwenye ghala kulifanya kazi ambayo hakuna unga wa kijani uliowahi kuonyesha kuifanya.

Sasa tuje kwenye zile habari zinazorushwa simuni. Mnazijua. Majani ya mstafeli yana nguvu mara 10,000 kuliko tibakemikali. Manjano huua seli za saratani. Mbegu za aprikoti zina "vitamini B17" ambayo madaktari wanaificha. Zote zina punje ya ukweli iliyonyooshwa hadi ikakatika.

Ile namba 10,000 ilitoka kwenye maabara kweli: kemikali moja kutoka kwenye mbegu za mstafeli, mwaka 1996, iliua seli za saratani ya utumbo ndani ya kisahani kwa nguvu kubwa kuliko dawa moja ya hospitali. Ndani ya kisahani. Hata jiki huua seli za saratani ndani ya kisahani, tena huua kila kitu. Hakuna jaribio lililoonyesha kwamba majani hayo yanamponya mgonjwa. Na kundi hilo hilo la kemikali huharibu seli za neva. Katika kisiwa cha Guadeloupe, huko Karibiani, watafiti wameuhusisha ulaji wa mimea ya jamii hiyo na ugonjwa unaofanana na Parkinson ambao dawa za kawaida haziutulizi.

Kisahani kina udanganyifu mwingine ambao hata watafiti wenyewe umewasumbua. Kemikali nyingi za mimea, zikimiminwa kwenye yale maji yanayolisha seli, huoksidika hapo hapo na kutengeneza haidrojeni peroksaidi. Seli zinakufa, mtafiti anaandika kwamba mmea umeziua, kumbe zimeuawa na peroksaidi ambayo isingekuwepo ndani ya mwili. Kurkumini, ile ya kwenye manjano, hung'aa yenyewe na kushikamana na protini ovyo, kwa hiyo vipimo vingi vya maabara husema imefaulu hata pale ambapo haijafanya kitu. Na ukiimeza kwa gramu, ni kiasi kidogo mno kinachofika kwenye damu. Utumbo na ini huifunga na kuitoa kama zinavyofanya kwa wageni wote.

Kuhusu "B17", hiyo si vitamini. Ni amigdalini, na ikivunjwa tumboni hutoa sianidi. Mwaka 1982 matokeo ya wagonjwa 178 waliopewa toleo lake lililotengenezwa kama dawa yalichapishwa: saratani haikurudi nyuma, na baadhi yao walikuwa na sianidi kwenye damu karibu na kiwango cha hatari. Miongo imepita na bado kuna mtu leo anawauzia wagonjwa mbegu hizo. Hili linaniuma, na sioni haja ya kulificha.

Mama yangu mdogo alipogunduliwa saratani ya titi, nilikuwa mmoja wa waliomsindikiza. Mezani kwake zilianza kupangana chupa na mifuko iliyoletwa na watu wanaompenda. Hakuna aliyekuja na nia mbaya. Lakini siku moja aliniuliza swali ambalo lilikuwa tofauti na mengine: "Mwanangu, wananiambia soya inalisha saratani ya matiti. Niiache?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa nyumbani pale, na jibu lake lina historia. Soya ina isoflavoni, kemikali zenye umbo linalokaribia homoni ya estrojeni. Saratani nyingi za titi hulishwa na estrojeni. Panya waliopandikizwa uvimbe na kulishwa kwa wingi jenisteini iliyosafishwa, ambayo ni mojawapo ya isoflavoni hizo, uvimbe wao ulikua. Hofu ikasambaa. Lakini panya huzishughulikia isoflavoni tofauti na binadamu, na kemikali iliyosafishwa si maharage. Mwaka 2009 yalitoka matokeo ya wanawake 5,042 wa Shanghai waliokwisha kutibiwa saratani ya titi: waliokula soya zaidi walikufa kwa uwiano mdogo zaidi, na ugonjwa uliwarudia mara chache zaidi. Ni utafiti wa kufuatilia, kwa hiyo sisemi soya ndiyo iliyowaokoa. Nasema hofu ya chakula chenyewe haikuthibitika, na vyama vikubwa vya saratani sasa vinawaambia wagonjwa soya ya kiasi kwenye mlo ni salama. Vidonge vya isoflavoni ni habari nyingine, na hivyo daktari wake alimwambia aviache. "Basi nitakula," akasema, na chupa ya vidonge ikaondoka mezani.

Wapo watakaoniambia: mbona dawa zenyewe za hospitali zinatoka kwenye mimea? Ni kweli, na ni hoja ninayoipenda kwa sababu ikifuatwa hadi mwisho inafundisha. Paklitakseli, ambayo imeongeza maisha ya wagonjwa wengi wa saratani ya titi na ya ovari, ilitoka kwenye magome ya mti uitwao Taxus brevifolia. Magome yalikusanywa mwaka 1962 huko jimbo la Washington, Marekani. Umbo la kemikali yake likachapishwa mwaka 1971. Ruhusa ya kuitumia ikatoka mwaka 1992. Miaka 30! Katika miaka hiyo watu walijifunza inavyozuia seli kugawanyika, dozi inayosaidia na dozi inayoua, na namna ya kuiingiza kwenye mshipa. Anayechemsha magome hayo nyumbani anakunywa sumu ya moyo, maana mti huo una alkaloidi nyingine hatari. Mmea ulitoa molekuli. Kazi ya kuigeuza kuwa dawa ilifanywa na watu, kwa subira, na wagonjwa waliokubali kujaribiwa.

Na neno "asilia" lisimpe mtu usalama wa bure. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Brussels, Ubelgiji, wanawake waliokuwa wanatafuta kupungua unene walipewa vidonge vya mitishamba ambamo mmea mmoja ulikuwa umechanganywa kimakosa na mwingine, Aristolochia. Zaidi ya 100 waliharibika figo. Baadaye, kati ya 39 waliokubali kuondolewa figo zilizokwisha kufa pamoja na mirija yake ya mkojo, 18 walikutwa tayari na saratani kwenye njia ya mkojo. Asidi ya mmea huo sasa imo kwenye kundi la kwanza la Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, pamoja na tumbaku na asbesto. Popoo nayo imo humo. Chai ya kijani ni kinywaji cha amani, lakini ikikamuliwa ikawa vidonge, Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilieleza mwaka 2018 kwamba miligramu 800 kwa siku za kemikali yake kuu, ya kundi liitwalo katekini, zinaanza kuonyesha dalili za kuumia kwa ini.

Basi mboga zinasaidia kiasi gani? Utafiti mkubwa wa Ulaya uliowafuatilia watu zaidi ya 470,000 ulionyesha mwaka 2010 kwamba kila gramu 200 za ziada za mboga na matunda kwa siku ziliambatana na upungufu wa kama asilimia 3 wa saratani kwa jumla. Ni kidogo kuliko tulivyoahidiwa miaka ya 1980. Upande wa nafaka zisizokobolewa habari ni nzuri zaidi: gramu 90 kwa siku zinaambatana na upungufu wa asilimia 17 wa saratani ya utumbo mpana. Hapo mhusika anayenivutia ni nyuzinyuzi, kitu ambacho hakuna mtu anayekiandikia tangazo la kuvutia. Bakteria wa utumboni huzichachusha na kutengeneza butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za ukuta wa utumbo mpana. Seli yenye afya huila. Seli iliyoanza kuharibika, ambayo imehamia kwenye kuchoma sukari, haiili vizuri, butireti inajikusanya ndani yake na kuielekeza kwenye kujiua. Hata hapa siwezi kuahidi mengi: jaribio la kuwapa watu mlo wa nyuzinyuzi nyingi kwa miaka 4 halikuzuia vijinyama vya utumbo, vile vinavyoweza kugeuka saratani, kurudi. Lakini nikiulizwa niweke matumaini yangu wapi kati ya maharage na unga wa kwenye kopo, sisiti.

Na kwa mvuta sigara, hakuna mboga inayolipa deni la sigara. Wanaume wa Ufini walituonyesha hivyo kwa gharama yao.

Nimalizie na jambo la matumizi kwa aliye kwenye matibabu sasa hivi, au anayemuuguza mtu. Vimeng'enya vile vile vinavyosafisha kemikali za mimea ndivyo vinavyosafisha dawa za saratani. Balungi huzuia kimeng'enya kimoja cha utumbo, na dawa kadhaa za kumeza hupanda kwenye damu kupita dozi iliyopangwa. Mmea uitwao Hypericum perforatum, unaouzwa kwa ajili ya huzuni, hufanya kinyume: wagonjwa waliopewa dawa ya saratani iitwayo irinotekani pamoja nao walikuwa na dawa hai kwenye damu pungufu kwa asilimia 42. Yaani walivumilia sindano, kichefuchefu na gharama zote, na karibu nusu ya dawa haikuwafikia. Kwa hiyo kabla ya siku ya dripu beba kila chupa, kila mfuko na kila majani yaliyokaushwa, hata yale uliyopewa na shangazi na usiyojua jina lake, uyaweke mbele ya daktari au mfamasia, umwambie unatumia kiasi gani na tangu lini. Kama hakuuliza, mwambie wewe.